Upande wa Pili wa Kombe

Jumatatu saa mbili asubuhi mtafiti alivuta droo ya makombe ya kale ya baharini akakuta pamba tupu, imebonyea pale kombe lake lilipokuwa limelala. Alikaa sakafuni palepale akampigia simu shangazi yake.

Shangazi alikuwa mpelelezi mstaafu, ila pua yake haikuwahi kustaafu. Alifika maabara na mkoba kwapani, akamfuta binti wa kaka yake machozi kama alivyomfuta utotoni, kisha akataka aelezwe mambo polepole, maana yeye makombe hayajui ng'o.

Akaelezwa. Kombe lile lilikuwa la mnyama wa bahari ya zamani sana, limegeuka jiwe, limetanuka kama upepeo wa mkononi, lenye mbavu. Kombe la mnyama wa aina hiyo lina pande mbili, na akifa huachana, kwa hiyo wataalamu huokota upande mmoja tu. La mtafiti lilikuwa na pande zote mbili, zimefumbana. Upande wa juu ulikuwa safi, mbavu zake nene. Wa chini ulikuwa bado umegandamana na mwamba, hakuna aliyewahi kuuona. Ijumaa jioni alilifungia drooni. Alhamisi wanakuja watahini, na bila kombe hana cha kuwaonyesha. Miaka yake yote ya kusoma ingekwenda na maji.

Mtafiti alikuwa na mtu wa kumshuku tayari: mfanyabiashara mmoja wa mapambo aliyekuwa akizungukazunguka pale mlangoni wiki nzima.

"Haya yaliyobaki," Shangazi aliuliza, "kuna linalopendeza kuliko lako?"

"Karibu yote, shangazi. Langu baya kabisa."

"Na lebo yake?"

Lebo nayo haikuwepo. Chumbani mle kombe halihamishwi hata hatua moja bila lebo yake, kwa sababu likiipoteza linabaki jiwe la kutupa. Mwizi wa kuuza mapambo angechukua linalopendeza, wala asingehangaika na kikaratasi. Huyu aliyekichukua alilelewa humuhumu ndani, Shangazi akasema, na mtafiti akanywea. Wenye funguo walikuwa watatu: yeye mwenyewe, Profesa na Fundi.

Profesa ndiye aliyemfundisha kazi, akampenda kama mwanawe. Ujanani alizitambulisha na kuzipa majina spishi mbili za makombe ya kundi hilo. Ya kwanza ilikuwa ya mbavu nene. Ya pili, ya mbavu nyembamba, akaipa jina la mkewe, ambaye sasa alikuwa marehemu. Jumapili jengo hufungwa, lakini alipoulizwa Jumamosi alikuwa wapi, mzee aligeukia dirishani, akakataa kusema. Shangazi hakumbana, alimsogezea kiti, akangoja, mpaka mwenyewe akasema kwa aibu kwamba alishinda makaburini aking'oa magugu na kupiga soga na mkewe. Mlinzi wa makaburi alipopigiwa simu alithibitisha, akaongeza kuwa mzee huwa anacheka peke yake.

Fundi kazi yake ilikuwa kubandua mwamba kwenye makombe kwa sindano na brashi. Alikuja na chai ya wote, macho mekundu. Shangazi alimwomba amwelezee kitu kilichopotea, apate cha kuandikisha polisi.

"Dogo, mama, kama kiganja cha mtoto. Juu mbavu nene, chini nyembamba, na sikio moja, kile kijibawa cha pembeni, limemeguka ncha."

Shangazi akashukuru, akanywa chai yake hadi tone la mwisho. Ndipo akamwita Profesa, akafunga mlango.

"Fundi, mwanangu, Ijumaa upande wa chini ulikuwa ndani ya mwamba. Hizo mbavu nyembamba umeziona wapi?"

Fundi alitoa kopo chini ya meza yake, na ndani, kwenye pamba, kombe na lebo yake.

Alikuja Jumamosi kumsaidia mtafiti, amsafishie kabla ya watahini, ili afurahi. Mwamba ulipobanduka akaona upande wa pili ni ile spishi ya mama, mke wa Profesa. Mnyama ni mmoja. Na kanuni ya majina haina huruma: jina la kwanza hubaki, la pili hufutwa.

"Nilitaka mzee afe jina hilo likiwa bado lipo," alisema. "Mama alinitunza nilipokuja hapa sina mtu. Nitamfutaje?"

Mtafiti alikuwa na hasira, tena alikuwa na haki nayo, akamwambia hivyo usoni. Lakini mkono wake alikuwa ameuweka begani kwa Fundi.

Profesa alilichukua kombe. Aliligeuza juu, akaligeuza chini, akaligeuza tena. Walidhani analia, kumbe anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo.

"Mke wangu aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba hizi ni pande mbili za mnyama mmoja. Nikambishia mwezi mzima. Nikaipa ya pili jina lake ili anyamaze."

"Akanyamaza?" Shangazi akauliza.

"Thubutu."

Akamkabidhi mtafiti kombe kwa mikono miwili.

"Lifute jina, mwanangu. Halafu andika kwamba mimi nilikosea, na kwamba yeye aliona kwanza. Ukimaliza, nipe nakala. Jumamosi nataka nikamsomee."