Ngozi Nyuma ya Kamera

Balaa lilianza na pua. Kila Husnah alipoweka jicho kwenye tundu la kuchungulia, pua yake iligusa skrini ya nyuma ya kamera, na skrini, kwa kuwa ni ya kugusa, ilidhani imeamriwa. Ule mraba mdogo wa kijani unaoionyesha kamera mahali pa kukazia macho uliruka kutoka usoni mwa bibi harusi ukaenda kutulia kwenye sufuria ya pilau. Kule Kalerwe alikwisha kupiga picha za harusi nzima namna hiyo: sufuria zinaonekana mpaka mikwaruzo, maharusi ukungu mtupu. Adyero, aliyeendesha naye studio yao ndogo ya Ntinda, alicheka hadi akaketi chini, akasema pua ile ingefaa ilipwe mshahara wake peke yake.

Mtu mwingine angeingia kwenye mipangilio na kuzima huko kuguswa, yakaisha. Lakini kamera ilikuwa ya mtumba kutoka Japani na maandishi yake yote ni ya Kijapani. Walijaribu mara moja kuyatafsiri kwa simu, wakabonyeza palipoonekana kufaa, na picha zote za mteja zikafutika. Tangu hapo Husnah aliapa kutoigusa tena mipangilio ile. Skrini yenyewe haikuweza kugeuzwa ikatazama ndani. Na siku chache mbele kulikuwa na harusi ambayo hakuweza kuikosea, ya mdogo wake wa kike, Mubaraka. Mama yao alipokufa, Husnah ndiye aliyemlea Mubaraka, akamsomesha, akamfundisha hata kusuka nywele zake mwenyewe. Hakuwa na mtoto mwingine duniani.

Ndipo alipoikumbuka ile ngozi. Babu yao alikuwa askari wa zamani, Mnubi wa kambi ya jeshi ya Bombo, na alipofariki aliacha sandukuni hirizi pana ya ngozi aliyokuwa akiivaa kifuani vitani. Bibi yao aliwakataza wasiifumue. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Husnah alikuwa na haraka, na ngozi ilikuwa laini, nyembamba, inalingana na skrini kabisa. Aliifumua kwa wembe. Ndani mlikuwa na mchanga mweusi na kishungi cha nywele, akavikung'utia kwenye jiko la mkaa. Vilinuka vibaya, moshi wake ukakaa jikoni kutwa. Akaikata ngozi, akaibandika kwa gundi juu ya skrini, akajipongeza. Sasa pua ingegusa ngozi, na ngozi haimwamrishi mtu.

Kazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kwa Jasper, mwokaji keki mwenye duka pale pale Ntinda, kijana mcheshi aliyetaka picha za kutangaza biashara. Alisimama nyuma ya keki ya ghorofa tatu, kisu mkononi, anatabasamu. Husnah akauweka mraba juu ya keki. Mraba ukasogea.

Akaurudisha. Ukasogea tena, polepole, kama mtu anayeuburuta kwa kidole, ukaipita keki, ukapanda kwenye mkono wa Jasper usio na kisu na kukaa juu ya kifundo cha mkono. Husnah aliondoa uso. Hapakuwa na kitu kilichogusa skrini. Ngozi ilikuwa imeifunika pande zote. Ila kutoka chini ya ngozi ilisikika sauti ndogo, kucha zinakwaruza kioo, na harufu ya baruti ikampanda puani. Akadhani ni kamera kuukuu tu. Akabonyeza.

Kisu kikageuka. Jasper hakukigeuza, Adyero aliyekuwa ameshika taa aliona vidole vyake vikikazana kukizuia, na kisu kikakata kifundo cha mkono mwingine, mpaka kwenye mfupa, damu ikaruka juu ya keki nyeupe na ukutani na kwenye lenzi. Jasper aliutazama mkono wake kama si wake kabla hajaanguka. Walimfunga kwa aproni wakamkimbiza hospitali. Alipona, lakini vidole vya mkono uliokatwa havikukunjika tena.

Jioni hiyo waliiangalia picha kupitia tundu la kuchungulia. Mraba wa kijani ulikuwa juu ya kifundo, pale pale palipokatwa. Adyero alikuwa binti wa sajini wa polisi, amekulia kambini, si mtu wa kuogopa ovyo, lakini safari hii alinong'ona.

“Hii kitu imesonga yenyewe, Husnah. Mimi hapana gusa, wewe hapana gusa. Nani amegusa?”

Husnah hakutaka kuamini mpaka aone tena, na huo ukaidi wake ndio uliomponza maisha yake yote. Kesho yake mchana, nyumbani kwake Kyebando, alimlenga kuku uani. Mraba ukaenda wenyewe hadi shingoni. Alipobonyeza, kichwa cha kuku kiling'oka kikatupwa ukutani, na kiwiliwili kikakimbia kikimwaga damu mpaka miguuni pake. Alijaribu kuibandua ngozi. Haikubanduka. Ilikuwa na joto sasa, na vinyweleo vilikuwa vimeota pembeni, na alipoingiza wembe chini yake, ngozi ilisisimka kama ya mtu aliyekatwa.

Hapo ndipo alipochoka kujidanganya. Waliifunga kamera ndani ya kanga tatu, wakaipeleka kwa baba yake mdogo Abdul-Karim, mtoto wa mwisho wa yule babu, aliyekuwa akiwasomea wenye mashetani pale Kyebando. Husnah alikwenda kwa moyo mzito kwa sababu nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa na bibi harusi. Mubaraka alikuwa chumba cha nyuma akifukizwa udi na shangazi zake, ngozi inang'aa kwa mafuta, anacheka na kila mtu. Lakini mganga mwingine hawakumjua.

Abdul-Karim alisikiliza yote. Husnah alipofika kwenye mchanga na nywele zilizochomwa, mzee alifumba macho, akasema mchuma janga hula na wa kwao. Hakumkaripia zaidi ya hapo. Akafunga madirisha, akawasha ubani, akaiweka kamera katikati ya mkeka na kuanza kusoma.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha ubani ukaanza kunuka baruti, na chini ya kanga kucha zikakwaruza, taratibu, halafu kwa hasira, na kanga ya kwanza ikafunguka, na ya pili, na ya tatu, bila mkono wowote, hadi kamera ikabaki uchi juu ya mkeka, ngozi yake ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyetoka mbioni, na kutoka kwenye lenzi ukatoka mwanga mdogo wa kijani, wa pembe nne, ukatambaa juu ya mkeka, ukapanda kwenye magoti ya mzee, ukapita tumboni, kifuani, kwenye ndevu, ukasimama juu ya mdomo uliokuwa ukisoma. Kamera ikajibonyeza yenyewe.

Pigo lilisikika kama kitako cha bunduki kwenye mfupa. Abdul-Karim alianguka chali, meno yake ya mbele yametapakaa mkekani, mdomo umepasuka mpaka puani. Adyero alimrukia amwinue, na mwanga ukamgeukia yeye, kamera ikabofya, na sikio lake la kushoto likachanwa kutoka kichwani. Alilishika kwa kiganja na kujikunja pembeni ya kabati, damu inapita kati ya vidole.

“Si jini ya kitabu,” mzee alisema kwa taabu, akitema damu. “Hii jini ya jeshi. Baba yangu alikuwa analenga, hii inapiga. Hapana sikia dua. Inangoja amri. Mpe amri, Husnah. Wewe ndiye umefungua.”

Na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mubaraka, aliyesikia kishindo, alisimama kizingitini na kanga yake ya kufukizia, miguu mitupu, akimwita dada yake. Kamera ikazunguka juu ya mkeka. Ule mraba ukavuka sakafu bila haraka, ukampanda, ukachagua, ukaacha tumbo, ukaacha shingo, ukakaa juu ya ziwa la kushoto, pale moyo unapopiga, ukatulia.

Husnah alimpenda mtoto yule kuliko pumzi yake. Hakukumbuka aya wala jina la walii yeyote. Alichokikumbuka ni uani kwa babu huko Bombo, mzee na fimbo yake, wajukuu wamepangwa mstari, na Kiswahili kile cha kambini kilichokuwa kikikata hewa kama kiboko. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume karibu.

“Shusha silaha! Mguu sawa!”

Chumbani, mahali pasipo na mtu, visigino viwili viligongana. Mwanga wa kijani ukazimika.

“Toka kwenye kamera!”

Ngozi ikajikunja pembe moja, nyingine, ikaanguka kutoka kwenye skrini, kavu kama jani. Nyuma yake kioo kilikuwa kimekwaruzwa mistari mitano. Harufu ya baruti ikapita karibu na shavu la Husnah, akasikia hatua za viatu vizito zikimzunguka, zikasimama. Akaamrisha tena, mara hii akilia, aende zake, arudi alikotoka. Hapakuwa na hatua iliyojibu.

Mubaraka alikimbia kumkumbatia, akiuliza kimetokea nini, na Husnah akamshika, akamshika sana, akimpapasa kifua kuhakikisha. Alikuwa mzima. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Mzee aliposhonwa mdomo na kurudi nyumbani, alimwita Husnah peke yake. Alimweleza pole pole, maana kila neno lilimuuma, kwamba askari haendi kwake mpaka awe na kwake, na kwake kulikuwa ndani ya hirizi, ule mchanga na zile nywele zilizokwisha kuwa majivu. Hakuwa na kambi ya kurudi. Baada ya harusi wangekwenda Bombo kwa wazee, labda mmoja angejua kumjengea nyingine.

“Mpaka siku hiyo yuko nyuma yako, mwanangu. Sasa mkubwa wake ni wewe. Hapana onyesha mtu kidole. Hata kwa mchezo.”

Husnah alitaka asiende harusini. Alimsihi Mubaraka, akasingizia homa. Mubaraka alikaa kitandani na kulia. Alisema mama hayupo, na kama Husnah naye hayupo, basi yeye hatoki chumbani, bwana harusi Sadik na aoe mwingine. Nani angeweza kukataa hapo? Husnah akajifunga mkono wa kulia kwa skafu, ukawa donge, akawaambia watu ameungua na mafuta.

Siku nzima alikuwa mwangalifu. Alikula kwa kulishwa, shangazi wakamtania kwamba bibi harusi ni nani kati yao. Mpishi alimuuliza choo kiko wapi, akamweleza kwa maneno, kushoto halafu kulia. Kila aliposimama, nyuma yake mtu alisimama. Kila alipotembea, viatu vilitembea, hatua kwa hatua na zake. Nikaha ikafungwa. Mubaraka akatoka na gauni jeupe na hina hadi viwikoni, na Husnah akahisi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwamba labda Mungu amewasamehe.

Jua lilipoanza kulegea walijipanga uani kwa picha ya ukoo mzima. Adyero ndiye aliyepiga, kichwa kimefungwa bendeji, kwa kamera ya kuazima. Kupanga watu hakukuwa kazi yake. Siku zote hiyo ilikuwa kazi ya Husnah. Yeye ndiye aliyejua kusimama pembeni ya mpiga picha na kuwaweka watu sawa, mrefu nyuma, mfupi mbele, wewe huku, wewe kule, harusi baada ya harusi, miaka yote hiyo. Sasa ilikuwa vurugu tupu. Wajomba walitaka kukaa, watoto walikimbia, na shangazi mmoja mnene alikuwa amemsukuma bibi harusi mpaka ukingoni, anaonekana nusu. Adyero alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Mwanga ulikuwa unakwisha. Mubaraka alikuwa akicheka, akijaribu kupenya, pazia lake limekwama kwenye bangili ya mtu.

Husnah akaona picha inaharibika. Hilo tu ndilo aliloliona. Akapiga hatua mbele kama alivyofanya kila Jumamosi ya maisha yake, mkono wa kulia umefungwa vizuri, na mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe.

“Mubaraka, mama, wewe, ingia kati.”

Kidole kilikuwa kimenyooka. Alikiona kabla hajakihisi. Alikikunja haraka, akakificha kwapani, akafungua mdomo atoe amri, shusha, shusha, lakini baruti ilikwisha kujaa puani na neno halikufika ulimini. Mubaraka alikuwa bado anamtabasamia dada yake. Kifua cha gauni kiliingia ndani, kwa pigo moja, mbavu zikalia kwa pamoja, na damu ikatoka mdomoni na puani, ikawarukia shangazi, ikamrukia Sadik usoni, na mtoto wa watu akakaa chini taratibu kama aliyechoka kusimama, macho yakiwa kwa Husnah, yakiuliza.

Watu walikimbia kila upande. Husnah peke yake hakukimbia. Alipiga magoti kwenye damu ya mdogo wake, mikono yote miwili ameiingiza chini ya mapaja yake, akaikalia kwa uzito wake wote, na nyuma yake, karibu kabisa na sikio, visigino viligongana, na mtu akasimama wima akingoja.