Nahodha Aliyevuliwa Njumu

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha mabati ya mji wa Asuokaa, Konadu alikuwa ameshafagia ua, ameshaosha masufuria ya jana na ameshagombana na jogoo wa jirani. Kisha alikunywa uji wa mahindi harakaharaka, akaning'iniza njumu zake za mpira shingoni na kutimua mbio hadi uwanja wa shule. Huko aliwakuta wenzake wakiwafukuza mbuzi langoni ili mazoezi yaanze. Mbuzi wa Asuokaa ni wakaidi kuliko mabeki wengi ninaowafahamu, kwa hiyo kazi hiyo peke yake ilitosha kupasha misuli moto.

Konadu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa na mbio, alikuwa na pumzi, na sauti yake ilisikika hadi sokoni. Mwalimu Gyamera alipowaambia wasichana wachague nahodha wao, mikono yote ilinyooka kwa Konadu. Naye Nana Afrakoma, malkia mama wa mji, yule anayeketi karibu na chifu na kumkemea anapokosea, alimpa kipande cha kente, kile kitambaa cha fahari kinachofumwa kwa rangi nyingi, akifunge mkononi kiwe kitambaa cha unahodha.

Fainali ya wilaya dhidi ya Bomfakrom ilikuwa imekaribia. Katika kabati la mwalimu mkuu kulikuwa na kombe moja tu, nalo lilikuwa la kwaya. Konadu aliapa kwamba safari hii lingeongezwa la mpira, na wenzake walimwamini.

Jumapili moja ilikuwa sikukuu ya Akwasidae, siku ya kuwakumbuka mababu na kumpa chifu heshima zake. Ngoma kubwa zilinguruma, na chifu aliketi chini ya mwavuli mpana, dhahabu mikononi, makubazi mazito miguuni. Hakuna aliyemsemesha moja kwa moja. Mwenye neno alimwambia msemaji, mzee mwenye fimbo ya dhahabu, naye msemaji akalifikisha. Konadu alikuwa akiyaona haya tangu utotoni, lakini siku hiyo aliyatazama kwa jicho jingine. Alikigusa kitambaa chake cha kente akajisemea, "Kumbe ukubwa ndio huu!"

Jumatatu aliwakusanya wenzake katikati ya uwanja.

"Kuanzia leo," alitangaza, "hakuna kuniongelesha moja kwa moja. Mwenye neno amwambie Dufie. Dufie ndiye msemaji wangu."

"We Konadu, una malaria?" aliuliza Birago. Huyu Birago alikuwa kipa wao, msichana mrefu asiyejua kumung'unya maneno.

Konadu alitazama mawingu kana kwamba hakusikia kitu. Dufie, winga mdogo mwenye mdomo mtamu, alikohoa kidogo, akainama.

"Nahodha, Birago anakujulia hali."

Wasichana waliangua kicheko hadi mbuzi wakashtuka. Kesho yake Dufie alikuja na mpini wa ufagio alioufunga karatasi za peremende zinazong'aa, akausimamisha kando ya uwanja kama fimbo ya msemaji. Hata Mwalimu Gyamera alishika mbavu.

"Timu ni yenu," alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Ila angalieni mnakokwenda."

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Lakini mzaha ukizidi hutumbua usaha. Konadu alianza kuwaachia wengine kazi ya kubeba mipira. Uwanjani alikaa na mpira hadi akazungukwa, na pasi akawa hatoi.

"Dufie, kamwambie huyo mheshimiwa wako," Birago alifoka siku moja, "anaatamia mpira kama kuku mwenye mayai. Atoe pasi!"

Dufie alikimbia hadi kwa Konadu. "Nahodha, kipa anasema unautunza mpira vizuri sana."

"Mwambie nimeshukuru," alijibu Konadu.

Siku mbili kabla ya fainali Birago alileta neno zito zaidi. Binamu yake alisoma Bomfakrom. "Mwambie awe macho na namba tisa wao," alisema. "Kwenye kona hujificha nyuma ya mabeki, halafu anachomoka. Nahodha mwenyewe amkabe." Dufie aliona kumtajia Konadu jambo la kutisha ni kumharibia moyo.

"Nahodha, huko Bomfakrom wanakuzungumzia wewe tu," alisema.

Konadu alilala fofofo usiku ule.

Siku ya fainali mji mzima ulihamia uwanjani. Wauza ndizi za kukaanga walikuja na makarai yao, wauza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, na sufuria zao. Nana Afrakoma aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli mdogo, na kando yake alisimama msemaji wake, Mzee Kwarteng. Nana alipenda mpira kupita kiasi. Mzee Kwarteng alikuwa na kazi ngumu ya kuyageuza maneno yake kuwa ya adabu kabla hayajamfikia refa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kichungu. Bomfakrom walipata kona. Namba tisa alinyata nyuma ya Konadu.

"Konadu, nyuma yako! Nyuma!" Birago alipaza sauti.

Konadu hakugeuka. Alikuwa amejizoeza kutosikia, na mazoea yana taabu. Dufie alikuwa mbali, upande wa pili.

"Nahodha!" naye alianza kuita. "Kipa anaomba kukufahamisha kwamba..."

Goli! Mpira ulikuwa umeshatua wavuni kabla Dufie hajamaliza adabu zake. Bomfakrom walicheza, waliruka sarakasi. Muda si mrefu Konadu alikaa na mpira, akazungukwa na watatu, akapokonywa, na likaingia la pili.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Konadu alijitupa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wasichana walimzunguka. Birago alipiga magoti mbele yake, akafungua kamba za njumu ya kulia, akaivuta. Kisha ya kushoto. Nyayo za Konadu zikagusa vumbi.

Muuza kenkey alisahau kurudisha chenji. Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Chifu akikosea hadi watu wakachoka, wazee humvua makubazi mbele ya wote, na miguu yake ikigusa ardhi, uchifu umekwisha.

Konadu alitazama vidole vyake vyenye vumbi, akalia kwa kwikwi. Alihisi aibu ambayo hakuwahi kuihisi maishani.

"Walete hapa," sauti ilitoka chini ya mwavuli. Walipofika, Nana Afrakoma aliwatazama kwa zamu. "Hamvui mtu makubazi bila kesi. Semeni mashtaka yenu, tena upesi, refa ana saa mkononi."

"Nana, huyu hatusikilizi," alisema Birago. "Anakaa na mpira. Na leo nimemwita, hakugeuka."

"Mbona hamkuniambia?" Konadu alilia.

"Tulikwambia kila siku! Nilisema unaatamia mpira kama kuku!"

"Mimi niliambiwa nautunza vizuri!"

"Na namba tisa je? Nilisema umkabe!"

"Namba tisa? Niliambiwa wananizungumzia!"

Macho yote yalimgeukia Dufie. Dufie alijaribu kujificha nyuma ya mpini wake wa ufagio, lakini mpini ule ulikuwa mwembamba.

"Maneno yao yalikuwa makali," alisema kwa sauti ndogo. "Nikayatia asali. Si ndiyo kazi ya msemaji?"

Mzee Kwarteng alikohoa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema maneno yake mwenyewe.

"Mjukuu wangu, maneno ya Nana yanapotoka, nayatia asali. Yanayoingia kwake nayaingiza yalivyo, na pilipili yake yote. Nikiyapunguza hata chembe, nimemwibia."

"Tena pilipili ya wanawake wa sokoni ni kali, nakwambia," Nana alicheka. "Konadu, wewe uliona mwavuli wa sikukuu. Hukuona barazani kwangu siku za kawaida, ninavyokaa na kuambiwa, 'Nana, hapa umekosea.' Haya, kesi imeisha. Mnataka nini?"

Wasichana walitazamana. Kabla yeyote hajajibu, Konadu alijifuta kamasi, akafungua kile kitambaa cha kente na kumfunga Birago mkononi.

"Wewe golini unauona uwanja wote," alisema. "Na huogopi kusema. Ongoza wewe. Mimi nitakaa benchi."

"Benchi gani?" Birago aliuliza. "Nahodha wako anasema vaa njumu haraka, tuna magoli mawili ya kurudisha. Na ninakuambia mwenyewe, bila Dufie!"

Hapo kicheko kikalipuka. Mwalimu Gyamera alikwenda kumjulisha refa kuhusu nahodha mpya, akatabasamu njia nzima.

Kipindi cha pili Asuokaa ilikuwa timu nyingine kabisa. Makelele yalitoka kila kona: "Mtu!" "Geuka!" "Nipe!" Konadu alimganda namba tisa kama kupe. Bao la kwanza alifunga yeye, la pili likatoka kwenye kona. Uwanja ukawa unatetemeka, na Mzee Kwarteng akakata tamaa ya kutafsiri.

Dakika za mwisho Konadu alichomoka na mpira, akabaki yeye na beki mmoja. Miguu ilimwasha kupiga. Wiki iliyopita angepiga.

"Konadu, kushoto!" ilitoka sauti ya Birago, kule nyuma kabisa.

Hakutazama hata kidogo. Aliusukuma mpira kushoto, na huko alikuwapo Dufie, peke yake, akiwa amesahauliwa na wote. Dufie alifumba macho akapiga. Nyavu zilitikisika, na Asuokaa yote ikamwagika uwanjani, mbuzi wakiwemo.

Kombe lilipokabidhiwa, Nana Afrakoma aliwaita tena.

"Wajukuu zangu, Afrika yetu haijakosa viongozi wenye mbio na sauti. Tunaowatafuta kwa tochi ni wenye masikio. Wanaowazunguka huwapa asali asubuhi na jioni, na wao hudhani nchi nzima ni tamu. Konadu, leo umeanguka, ukasikia, ukainuka. Wakubwa wengi huanguka tu. Shuleni mmefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sivyo?"

"Ndiyo, Nana!"

"Basi ongezeni na hili langu: mkuu asiyesikia la watu hubaki peku."

Jioni walikwenda kula fufu, ugali laini wa mihogo, na supu ya njugu kwa mama yake Birago, kombe likiwa katikati ya meza. Konadu alinawa mikono, akamtazama nahodha mpya.

"Birago, ile mipira yako ya goli leo ilikuwa mibovu. Mingine ilikwenda kwa mbuzi."

Dufie alifungua mdomo ili alainishe mambo, lakini Birago alimzuia kwa mkono.

"Usitie asali," alisema. "Konadu, sema tena, nisikie vizuri."