KIDUDE KWENYE KOLA YA KOTI LANGU

Wadau, binti yangu wa kuzaa ameniuza!

Ndivyo nilivyosema siku nilipopapasa kola ya koti langu la kulinia asali, nikakuta kitu kigumu kimeshonewa ndani...

Nikafumua uzi. Kidude cheusi, kama kifuniko cha soda, kina taa ndogo inayowaka kijani.

Sisi walina asali wa Inyonga mnatujua. Njia ya kwenda kwenye mizinga yako humwonyeshi mtu. Hata marehemu mke wangu Generosa hakuijua ya kwangu.

"Skola! Hiki nini?"

Akashtuka. "Baba... kirudishe tu ulikokitoa."

"Nimekuuliza!"

"Cha kujua ulipo. Ukiwa porini nakuona kwenye simu."

Unanionaaa?!

"Wewe na mumeo Danford mnataka mizinga yangu!"

"Jamani baba! Danford anakimbia hata nyuki wa kwenye soda!"

Sikucheka. "Kakupa nani?"

"Daktari..."

Hapo ndo nikachoka. Wakubwa hawa hawa wa hospitali, siku Generosa anakata roho walisema gari la wagonjwa halina mafuta. Leo wana vidude vya kunifuatilia mimi?!

Asubuhi nikakitupia kwenye buti la basi la Mpanda. Wafuatilie basi!

Nikaingia porini peke yangu. Nikafika kwenye mti wangu, nikawasha moshi, nikapanda, nikafungua mzinga. Asali nzito, imejaa...

"Mwizi huyooo!"

Chini, wanaume wanne, mapanga mkononi.

"Mzinga wangu huu!" nikafoka.

"Shuka mzee! Tazama alama!"

Nikatazama. Mikato miwili ya shoka kwenye gome. Hiyo ni alama ya Venant, mlina asali mwenzangu. Yangu ni msalaba. Sasa huku nimepandaje?

Nikashuka. Wakanifunga kamba. Mmoja akanyanyua panga...

"Muacheni!" Venant huyo, anahema. "Ni Mzee Sospeter! Anaumwa!"

"Naumwa nini?"

Akatoa simu. Akampigia Skola.

Jua linaelekea kuzama ndo binti kafika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, analia.

"Baba, nimefukuza basi mpaka nusu ya njia ya Mpanda! Nikajua umo!"

"Kwani unanifuatilia kwa nini?"

"Hii mara ya tatu unapanda kwenye mzinga wa Venant. Zile mbili kile kidude kilituleta, tukakushusha kabla watu hawajakukuta."

Mara ya tatu?! Mimi nakumbuka ya leo tu...

Ugonjwa wa kusahau, daktari alisema. Alimwambia Skola. Alimwambia Danford. Hata Venant alijua! Mimi mwenye kichwa changu, hakuna aliyenifungulia mdomo.

Kidude kimepatikana, nakivaa. Hilo limeisha.

Ila nyie madaktari, nyie watoto, mnaokaa vikao juu ya mtu: mwambieni yeye kwanza, kwa maneno anayoelewa. Nisingekitupa kama ningejua kinanilinda.

Ningekatwa mapanga siku ile, na nyie mngezika mwizi.