Feni ya Chumba cha Pili

Mukonyo alikuwa akishona mashati ya shule siku feni ya jirani ilipoanza kulia. Ilikuwa saa nane mchana, mwaka wa hamsini na sita, na jua la Thika lilikuwa limefukuza watu barabarani. Kra-chak, kra-chak, huko juu, ng'ambo ya ukuta. Sindano ikamchoma kidole.

Alikuwa mjane wa miezi saba. Ndambuki, mumewe, alikufa kwa homa. Shemeji zake wakabeba hata sufuria kurudi nazo kijijini Gatuanyaga, naye akabaki na cherehani katika chumba cha kupanga. Siku nzima ingepita bila mtu kumwita jina.

Akagonga ukuta. "Jirani, feni yako inaniumiza kichwa. Si uizime kidogo?"

"Pole, mama," sauti ya mwanamume ikajibu taratibu. Feni ikanyamaza.

Kesho yake ikalia tena, akagonga tena, wakaongea. Kufikia juma la pili alikuwa akiacha kushona na kuegemeza sikio ukutani. Jirani alimuuliza amekula nini. Harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi jipya, ilipenya, naye akajiambia ni mvua.

Mwenye nyumba, Mzee Kang'ethe, alipopita, Mukonyo akamsifia mpangaji wake mpya.

"Mpangaji gani?" Mzee akamkazia macho. "Hapo ni stoo ya magunia. Hata stima sijaweka, wala feni haipo."

Akafungua mlango. Magunia, buibui, dari tupu. Katikati ya sakafu, vumbi lilikuwa limepeperushwa likaacha duara safi.

Mzee akamleta Warigia, mama wa kanisa aliyejulikana kwa kukemea mapepo. Warigia alimtazama Mukonyo alivyokonda, akashusha sauti.

"Amekuomba nini?"

"Nimwite Ndambuki."

"Ngai, Mungu wangu! Na umemwita?"

"Bado."

"Usithubutu. Hana jina, ndiyo maana hawezi kuvuka ukuta. Ukimpa la marehemu, atakuja kukaa nalo."

Warigia aliomba mpaka kitambaa chake kikalowa jasho. Ng'ambo, kitu kililia kama bati linalopasuliwa, kisha kukawa kimya.

Kimya siku tatu. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyeuliza amekula nini. Siku ya nne, mchana, Mukonyo aliacha shati likining'inia kwenye sindano, akapiga magoti kando ya ukuta, akakumbuka maneno ya Warigia moja baada ya jingine, akayaogopa, akajiziba mdomo kwa kiganja, na hata hivyo, machozi yakimtiririka kati ya vidole, akajisikia akinong'ona, "Ndambuki."

Ukuta haukujibu.

Nyuma yake, kitanda kikalia kama mtu mzito ameketi, na upepo baridi ukaanza kumpuliza kisogoni.