Blanketi ya Chefu Haifuliwi

Claudette ni jirani yangu hapa Masisi, nyumba yake na yangu zinatazamana. Ile asubuhi nilikuwa nachambua maharagi nje, jua nzuri, watu wanasimamisha hema. Kesho yake bwana yake, Ngabo, alikuwa anasimikwa chefu wa kijiji.

Kwao hakuna chefu bila kuvaa blanketi ya ukoo. Ni ya ekose, ya miraba nyekundu na kijani. Muzungu mumoja aliipatiaka babu yao wakati wa Wabeleji, na babu alipigwaka mikuki akiwa ameivaa. Tangu pale inaanikwa tu. Haifuliwi. Ile damu njo inawafanya wakubwa.

Sasa Claudette, mwanamuke wa usafi mpaka anakera! "Mama Gentille, bwana yangu asimame mbele ya Pasteri ananuka hivi? Hapana!" Akatia blanketi ndani ya besani, akamwaga sabuni.

"Claudette, acha," nikamwambia. Akaniona mushamba.

Maji yakakuwa nyekundu. Akayamwaga, akaweka mengine. Nyekundu tena. Akaita Niyigena, dada ya Ngabo, waikamue pamoja: huyu ameshika ncha hii, huyu ile, wakaanza kuinyonga.

Ndani ya nyumba Ngabo akapiga kelele.

Nikakimbia mulangoni. Yesu wangu! Alikuwa peke yake, amesimama katikati ya salon, na mukono wake unajinyonga. Hakuna aliyemugusa. Mufupa ukavunjika, nikausikia. Kisha bega. Kisha kiuno.

"Achilieni!" nikalia. "Achilieni hiyo kitu!"

"Haituachilii," Niyigena akanong'ona.

Vidole vyao vilikuwa vimekwama ndani ya kitambaa. Claudette alipiga magoti, akaomba, akauma mikono yake mwenyewe. Ile mikono ikaendelea kunyonga. Kila muzunguko, Ngabo akalia. Damu ikamutoka masikioni, ikamutoka machoni. Kisha hakulia tena, na pale tu blanketi ikaachilia vidole vyao.

Tulimuzika kifua kikiangalia juu, na visigino pia vikiangalia juu.

Blanketi iko kwenye kamba mpaka leo. Hakuna muzee anayethubutu kuigusa, na chefu mupya hakuna. Kiangazi kizima kimepita, haijakauka. Inadondoka tu, nyekundu. Claudette anaweka besani chini yake. Ikijaa, anaiingiza ndani, analeta ingine.

Juzi nilimwambia amwage, inzi wamezidi. Aliniangalia na hasira.

"Mama Gentille, nimwage bwana yangu?"