Video za Singo kwenye Kompyuta ya Rukaiya

Rukaiya wa Temeke anapiga video za singo. Pale bibi harusi anaposingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato, na kufundwa, mwanaume haingii, hata awe mpiga video. Ndiyo maana wanawake wanamwita yeye.

Sasa Rukaiya amepata kompyuta mpya. Ile ya zamani anaichukua Talha, kijana wa mtaani. Na Talha ni mdogo wa mume wa Naima, bibi harusi ambaye singo yake Rukaiya huyo huyo aliipiga video.

Naima aliposikia, alikuja mbio.

"Dada Rukaiya, video yangu si imo humo?"

"Nimeshaifuta, mdogo wangu. Hata pipa la taka la kompyuta nimelisafisha."

Jirani yao Adelina, fundi wa kompyuta, alikuwa kibarazani. Akaguna.

"Kufuta hivyo hakutoshi, jamani. Leteni niwaonyeshe."

Alichomeka flashi yenye programu ya kurudisha vilivyofutwa. Wakasubiri. Mara Naima huyo kwenye skrini, kajifunga khanga moja, anacheza mbele ya kungwi wake.

"Yarabi!" Naima alijifunika uso. "Shemeji angeniona hivi, ningeishi wapi mie?"

Rukaiya aliifunga ile video haraka. Aibu ilimshika. Wanawake wangapi walimwamini!

"Ukifuta, kompyuta inaondoa jina tu," Adelina alieleza. "Video yenyewe inabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kama kung'oa namba ya nyumba. Nyumba bado ipo, na waliomo bado wamo."

"Sasa tufanyeje?" Rukaiya aliuliza.

"Hamisha kwanza unavyovihitaji. Kisha tutumie programu ya kufuta diski nzima. Inaandika sifuri kila mahali. Diski hii ni ya kuzunguka, mara moja inatosha. Zile mpya zisizozunguka, za SSD, zina njia yake, muulize fundi. Na diski iliyoharibika usimpe mtu. Ivunje."

Kazi ilichukua saa nyingi. Naima hakubanduka pale. Ilipokwisha, Adelina alitafuta tena kwa programu ile ile. Hakikupatikana kitu. Ndipo akaiwekea Windows upya.

Jioni Talha alikuja, akaiwasha, akapekua.

"Ah, sista Rukaiya! Tupu kabisa? Hata singeli moja ya kusikiliza hujaniachia?"

"Hata moja, shemeji," Naima alijibu, akicheka huku machozi yanamtoka.