Fredy Aliyekuwa Akitafsiri Mapenzi ya Watu

—Washenga wa Ambrose wanakuja kesho, Fredy. Baba anataka jibu langu.

Fredy akauliza:

—Njombe kuna baridi leo?

—Ipo.

—Vaa sweta.

Oktavia akakata simu kwa hasira. Yeye ndiye fundi wa kufuma masweta, halafu anaambiwa avae sweta!

Na huyu ndiye DJ wa banda la video Makambako, anayetafsiri filamu za kigeni kwa kipaza sauti. Jamani, Fredy ana kipaji! Mtu kwenye filamu akimuuliza mwenzake, "Umekula?", yeye huwaambia watazamaji: "Hapa kammisi, ila anaona aibu kusema." Madereva wa malori hufuta machozi. Oktavia alimpendea hapo hapo. Ila mapenzi yake mwenyewe, Fredy hajawahi kuyatamka.

Mchana huo huo Oktavia akapanda gari hadi Makambako, akaketi benchi la nyuma bandani. Kwenye skrini mwanamke alikuwa anaondoka, na mwanaume akamtupia neno moja tu.

—Anasema, safari njema, Fredy akatafsiri.

Hapo akamwona Oktavia.

—DJ, anamaanisha nini? dereva mmoja akapiga kelele.

—Anamaanisha usiende, Fredy akasema. Anaogopa kukataliwa. Kama mimi tu. Oktavia, nakupenda. Usiwakubali hao wa kesho, nataka nikuoe mimi.

Banda zima likalipuka kwa shangwe. Oktavia akasimama, machozi yanamtiririka. Watu wakamgeukia Fredy:

—Tafsiri hayo machozi, DJ!

—Hayo sitafsiri. Aseme mwenyewe.

—Nakupenda, Fredy, tena sana! Ila kesho wa kwako wawahi kwa baba kabla ya wa Ambrose.

—Washenga nitawatoa wapi leo hii?

Dereva wa lori la mbao akasimama, akachomekea shati.

—Tupo hapa, shemeji.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, baba yake Oktavia akafungua mlango, akakuta madereva watatu waliovaa makoti ya kuazima.

—Kamwene, mzee, wakamsalimu kwa Kibena.

—Kamwene. Karibuni.

Akamwita binti yake sebuleni, kama ilivyo desturi.

—Oktavia, wageni hawa unawafahamu?

Mabinti wengine huinamisha kichwa tu, wazee wakaelewa. Oktavia akamtazama baba yake usoni.

—Nawafahamu, baba. Wametumwa na Fredy wa Makambako. Nampenda, na nitaolewa na yeye.

Baba akawatazama madereva, akaguna, kisha akacheka.

—Mama Oktavia, wape wageni chai.